Mzigo wa Babu: Wiki Tatu za Kujifunza Kuongoza Wageni Bagamoyo

Najua nimekuwa kimya mno. Wengine mmeshaanza kunizulia kwamba nimekamatwa na sapu tatu nikaona aibu kuonekana. Hapana jamani, sapu sina. Ukweli ni kwamba mitihani ilipoisha sikupanda treni kwenda nyumbani Tabora kama kawaida yangu. Nilipanda gari la Bagamoyo na begi langu mgongoni, nikakaa huko wiki tatu nikijifunza kazi ya kuongoza wageni kwenye magofu, kwenye mji wa kale na kwenye mikoko. Nimerudi na cheti, miguu iliyochubuka, na jambo moja ambalo limekuwa likinikosesha usingizi. Hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia leo. Ni refu kidogo, kwa hiyo mwenye chai yake aivute karibu.

Kwanza niseme ukweli kuhusu kilichonipeleka. Sikwenda kwa mapenzi ya historia. Nilikwenda kwa sababu niliona ni hela ya mteremko. Mimi nasoma ualimu, kuongea mbele za watu ndiyo fani yangu. Nimeshafanya mazoezi ya kufundisha mbele ya watoto themanini darasa moja, sasa wageni kumi wenye kofia pana watanishindaje? Nikajisemea, nikipata cheti hiki, kila likizo nitakuwa naokota chochote wakati nyinyi mnasubiri bumu. (Kuongoza watalii kama kazi kunahitaji leseni, cheti cha mafunzo peke yake hakitoshi. Hilo nimelijua nikiwa nimeshalipa ada. Teh teh.)

Tulikuwa kumi na wawili. Wavuvi wawili, vijana wa pale pale mjini, dada mmoja anayechonga na kuuza vinyago, na mimi msomi. Mkufunzi wetu ni mzee mmoja mzaliwa wa Bagamoyo, mwembamba, barakashia haimtoki kichwani, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu hela za watu. Siku ya kwanza akatupeleka Kaole, yale magofu yaliyo kama kilomita tano kusini mwa mji. Akauliza nani ataanza. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali.

Wadau, nilishusha madesa! Nilikuwa nimesoma usiku kucha. Nikawaambia karne ya 13, nikawaambia misikiti miwili, nikawaambia makaburi yenye nguzo, bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo, Neville Chittick aliyekuja kuchimba miaka ya 1950. Dakika ishirini bila kupumua. Nilipomaliza nikasubiri makofi.

Mzee akakaa kivulini, akamwomba kila mmoja ataje jambo moja tu alilolikumbuka. Wa kwanza akasema jua lilikuwa kali. Wa pili akakumbuka mbuzi aliyepita juu ya ukuta nikiwa naongea. Yule dada wa vinyago akasema, "Mimi nimebaki najiuliza, hizo bakuli zilifikaje hapa kutoka China, na kwa nini mtu aziweke kaburini?" Na hilo sikuwa nimelieleza kabisa! Nilitaja bakuli nikakimbilia tarehe nyingine.

Mzee akanigeukia. "Mwalimu," akasema (tangu siku hiyo ndilo likawa jina langu), "umetufundisha vizuri. Lakini hatujaona kitu."

Niliumia, nisiwadanganye. Jioni ile nilitamani kufunga begi nirudi Dar.

Kesho yake ndipo akatuambia misingi ya kazi. Kuna Mmarekani aliyeitwa Freeman Tilden, aliandika kitabu mwaka 1957 kuhusu kazi ya waongozaji katika mbuga za taifa za kwao. Hoja yake kubwa, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba kumwaga taarifa sio kufasiri. Taarifa ni unga tu, lazima kuna mtu aupike. Kazi ya mwongozaji ni kumwamsha mgeni aanze kufikiri mwenyewe, na hawezi kuamka kama unachomwambia hakigusi kitu chochote katika maisha yake. Baadaye akaja mwingine, Sam Ham, aliyesisitiza kwamba matembezi yako yote yabebwe na wazo kuu moja, na liwe sentensi kamili. "Misikiti ya kale" sio wazo, ni kichwa cha habari. Wazo ni kitu ambacho mtu anaweza kukikubali au kukubishia.

Nyinyi wa Elimu mwenzangu mnajua malengo mahususi ya kwenye andalio la somo. Mimi nilidhani ni yale yale. Sio. Lengo mahususi linasema mwanafunzi ataweza kutaja nini. Wazo kuu linasema mgeni akifika nyumbani usiku, amelala, atakuwa anageuza nini kichwani.

Somo lililonibadilisha lilikuwa la boriti. Maji yalikuwa yamekupwa, mzee akatuingiza kwenye mikoko. Matope mpaka magotini, viatu tulishika mkononi. Hakutuhutubia. Alitukabidhi mti mmoja mkavu wa mkoko, boriti kuukuu iliyotoka kwenye nyumba iliyobomoka, akasema tuubebe kwa zamu mpaka mjini. Unaambiwa ule mti ni mzito kama chuma! Kila mtu alilalamika, mimi nikiongoza. Tulipofika mji wa kale akatuingiza kwenye nyumba moja ya mawe, akasema pimeni upana wa chumba kwa boriti yenu.

Tukaulaza mti. Ukatoka ukuta hadi ukuta, karibu sawasawa.

Tukaingia chumba cha pili. Sawasawa. Cha tatu, hivyo hivyo. Vyumba virefu kama behewa la treni, lakini upana wake mita mbili na nusu, ukizidi sana tatu. Mzee kanyamaza. Yule mvuvi mmoja ndiye aliyepiga kelele, "Kumbe mti ndio uliochora nyumba!" Na kweli. Dari ya udongo na chokaa inalala juu ya boriti, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka zaidi ya hapo ikabeba uzito ule. Kwa hiyo upana wa sebule za matajiri wa pwani, tangu majumba ya kale ya mawe hadi haya ya karne ya 19, ulipangwa na mti wa kwenye matope. Kuta zenyewe ni matumbawe ya baharini, chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Siku hizi kukata mikoko kunahitaji kibali, na ukishaubeba ule mti kilomita kadhaa unaelewa kwa nini mtu asiukate ovyo.

Hakuna aliyenieleza. Niligundua na bega langu. Na mpaka leo sijasahau.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi.

Pale tulipokuwa tunalala palikuwa na mama anayeuza chai na vitumbua. Mzaramo wa kuzaliwa. Siku ya kwanza tu aliponiuliza kwetu wapi nikasema Tabora, Mnyamwezi, basi nikawa nimejichongea. "Eeeh! Mtani wangu! Mpagazi wangu amerudi! Haya shika ndoo hizo mbili upeleke nyuma, ndiyo kazi mliyozaliwa nayo." Kila asubuhi hivyo hivyo. Sinywi chai mpaka nimebeba kitu. Mimi nilicheka tu, utani si mnaujua, mtani hakasirikiwi. Lakini ndani kidogo uliniuma, kwa sababu nilikuwa na picha yangu kichwani kuhusu watu wetu waliofika pwani zamani. Picha ya minyororo.

Wengi wetu tumekua na hadithi moja ya jina la Bagamoyo. Watumwa walipoiona bahari walijua hawatarudi tena kwao, wakaibwaga mioyo yao pale ufukweni. Mimi niliisikia nikiwa shule ya msingi, na nikaijumlisha mwenyewe: sisi Wanyamwezi ndio tuliotembea njia ile kutoka Tabora, kwa hiyo watumwa hao ni sisi. Sikuwahi kumuuliza mtu.

Wikiendi ya pili tuliruhusiwa kujaribu na wageni wa kweli, mwongozaji mwenye leseni akiwa pembeni. Nikapewa watu wanne, watu wazima, wametoka Ulaya. Nikawapeleka kwenye eneo la zamani la kupumzikia misafara, kisha ufukweni. Nikaanza hadithi yangu. Nikashusha sauti. Nikawaambia mimi mwenyewe ni mtoto wa Tabora, na mababu zangu walifika hapa wakiwa na minyororo shingoni, wakaitazama bahari hii hii, wakaibwaga mioyo yao. Nikanyamaza. Upepo ukavuma kwenye minazi kama vile nimeulipa. Mama mmoja akatoa leso akafuta machozi. Walipoondoka wakanipenyezea shilingi elfu hamsini.

Elfu hamsini, wadau! Kwa hadithi ya dakika sita!

Usiku ule nikampigia bibi yangu kule Urambo kumsimulia. Nilitegemea afurahi. Nikamweleza yote, wageni, machozi, hela. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Nani kakwambia babu alifungwa minyororo?" akauliza.

"Bibi, si ndivyo historia inavyosema?"

"Historia ipi? Mimi nakuuliza, nani kakwambia?"

Nikakosa la kusema. Bibi yangu ana miaka zaidi ya themanini na hapendi kuongea kwenye simu, anasema inakula masikio. Lakini usiku ule aliongea karibu nusu saa. Kumbe babu yake yeye, aliyemlea akiwa mdogo, alikwenda pwani mara mbili akiwa kijana, kabla reli haijafika Tabora. Alikwenda kwa miguu, kwa ujira, kabeba pembe begani. Safari ya kwanza alirudi na nguo, shanga na waya. Ya pili alikwenda na mke wake, mke kabeba vyombo vya kupikia kichwani. "Zamani hizo," bibi akasema, "kijana asiyekwenda pwani hata mke alimpata kwa shida. Walimwona bado mtoto."

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna mtu katika familia aliyewahi kunisimulia. Bega la kushoto la babu lilikuwa na sugu. Nundu ngumu, kama kisigino. Bibi alipokuwa mtoto, kazi yake jioni ilikuwa kuipaka mafuta, na mzee alikuwa anamwambia, "Pole pole hapo, hapo ndipo ilipo pwani yangu."

"Sasa wewe umemvua nguo babu yangu mbele ya wageni," bibi akasema, "ukamvika minyororo ili upate hela."

Wadau, nililia kuliko yule mama wa Ulaya.

Asubuhi nilimfuata mzee kabla ya darasa, nikamwamkia, nikamweleza yote pamoja na zile elfu hamsini. Hakunigombeza. Akasema karibu kila mwongozaji chipukizi hupitia hapo, kwa sababu machozi yanalipa. Wageni wengi wanakuja wakiwa tayari na hadithi wanayotaka kuisikia, na ni rahisi kuwauzia kile kile walichokuja nacho. "Ila hapo humfasirii mtu," akasema. "Unamrudishia mzigo wake mwenyewe na kumtoza nauli."

Kisha akanipa shule. Neno lenyewe "kubwaga" nilitafakari? Mtu anabwaga nini? Mzigo. Wapagazi walikuwa wametembea kutoka Unyanyembe, huko Tabora, kama kilomita mia nane, karibu miezi mitatu njiani, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi. Kufika hapa ni kutua, kupokea ujira, kucheza ngoma, moyo kutulia. Ndivyo wanahistoria wengi wanavyolielewa jina hili. Hadithi ya watumwa kuvunjika moyo ipo, watu wanaisimulia, na mwongozaji mwaminifu anazitaja zote mbili na kusema ipi ina uzito zaidi na kwa nini. Kuna kitabu kizima cha Stephen Rockel, cha mwaka 2006, kuhusu wapagazi hawa: walipatana ujira, waligoma wakidhulumiwa, walidai posho yao. Neno posho tunalolililia hapa chuoni lilikuwa midomoni mwao tangu enzi hizo! Na yule aliyetangulia mbele ya msafara kuonyesha njia aliitwa kirangozi. Mzee akanitazama. "Wewe unasomea ukirangozi, mwalimu. Kwenu wanaujua siku nyingi."

Nikaona kama mlango umefunguka, nikataka nikimbilie upande wa pili. Nikamwambia basi kesho nitawaambia watu kwamba wote walikuwa wafanyakazi, hakukuwa na watumwa.

"Taratibu," akasema. Akanitembeza hadi misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako palijengwa kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wale hawakuja hapa kwa kutaka ujira. Walikuwepo watu waliopita njia ile ile wakiwa na kongwa shingoni, na wengine wakavushwa Zanzibar kabla soko la watumwa la kule halijafungwa mwaka 1873. Hata baada ya hapo utumwa wenyewe uliendelea bara, mpaka Waingereza walipoufuta kisheria Tanganyika mwaka 1922. Na kilichonichanganya zaidi, wapo watumwa wa pwani waliokodishwa kubeba mizigo kama wapagazi, bwana akachukua sehemu ya ujira. Ukiutazama msafara kwa mbali usingeweza kusema nani ni nani.

Pale pale misheni kuna mnara ambao mwili wa David Livingstone ulihifadhiwa usiku mmoja mwezi Februari 1874. Kila mgeni anauliza habari za Livingstone. Mzee akaniuliza, "Alifikaje hapa?" Nikasema aliletwa. "Na nani?" Ndipo nikaelewa anakonipeleka. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake kule kule chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa nguo, wakaubeba mabegani kwa miezi mpaka hapa. Chuma mwenyewe aliokolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Safari yao iliishia hapa Bagamoyo, mzigo ukaendelea kwa meli hadi Uingereza.

Usiku ule nikafuta maandalizi yangu yote ya mtihani wa mwisho, nikaandika sentensi moja: Bagamoyo ilijengwa na mabega ya watu, wengine kwa ujira na wengine kwa kulazimishwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa kuwaongoza watoto wa darasa la sita wa shule moja ya jirani, thelathini na kitu hivi. Sikuanza na tarehe. Nilikuwa na mfuko wa mchanga wa kilo kumi tu, nikawaambia waupitishe, kila mmoja aweke begani ahesabu hadi ishirini. Vicheko vikaanza, kisha vikapungua. Nikawaambia mzigo wenyewe ulikuwa kama mara tatu ya huo, na safari miezi mitatu. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, mimi ningeutupa hapo Chalinze!" Tukacheka wote.

Nikawasimulia habari za babu. Nguo, shanga, waya, na sugu begani. Sikushusha sauti, sikutafuta upepo. Watoto walianza kushika mabega yao wenyewe bila kujijua. Msichana mmoja akauliza kama wanawake nao walikwenda, nikamweleza habari za yule mke wa safari ya pili. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitaka.

Kisha nikawaambia kwamba njia ile ile walipita na waliofungwa. Hapo mvulana mdogo wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Sasa mwalimu, ukisimama hapa unawaona wanakuja wote na mizigo, utajuaje yupi mtumwa na yupi mfanyakazi?"

Madesa yangu yote hayakuwa na jibu hilo. Ningekuwa darasani ningesema "swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho", si mnatujua. Safari hii nikasema, "Sijui ningejuaje. Nyinyi mngejuaje?" Nikanyamaza kweli kweli, kunyamaza ambako nimefundishwa na yule mzee. Ilikuwa ngumu jamani, mwalimu kukaa kimya.

Mmoja akasema mwenye minyororo. Mwenzake akambishia, wengine hawakufungwa. Mmoja akasema anayelipwa. Nikawaambia kuna waliolipwa na bwana akachukua. Wakakaa wanafikiri, na bahari iko pale mbele yao. Mwishoni yule msichana wa swali la wanawake akasema, "Labda ungesubiri, uone nani anaruhusiwa kurudi kwao."

Sikuongeza neno. Nikawashukuru, nikawapeleka kunywa maji.

Mzee alinipa alama nzuri, ila akanikatia mbili kwa sababu nilisahau kuhesabu watoto tulipotoka ufukweni. Halali yake. Kisha akaniuliza zile elfu hamsini nimezifanyia nini. Nikamwambia bado ninazo, kila nikizishika naona haya. Akasema wale wageni hatuwezi kuwapata tena, lakini wa kesho wapo, na deni la hadithi hulipwa kwa hadithi.

Siku ya kuondoka mama chai akaniita, "Mpagazi, njoo ubebe ndoo ya mwisho." Nikabeba. Nikamwambia, "Mtani, naomba ujira wangu basi, babu yangu hakubeba bure." Alicheka mpaka akakaa chini! Akanifungia vitumbua sita bure, akasema utani huu mabibi zao waliurithi huko huko kwenye misafara, watu wa bara walipokuja kulala kwao wakisubiri kurudi. Kumbe wiki tatu zote ninanuna, yeye alikuwa ananikaribisha nyumbani.

Sasa nimerudi chuoni kuchukua vitu vyangu. Nimelitazama andalio la somo nililolitumia kwenye mazoezi ya kufundisha, lile nililopewa alama za juu, nikaona aibu. Malengo saba, tarehe kumi na moja, swali la mwanafunzi hata moja hakuna. Wale watoto themanini walikumbuka mbuzi gani, sijui. Muhula ujao nikipangiwa tena mazoezi, nataka kila kipindi kiwe na sentensi moja tu ya kubishaniwa, na dakika moja ya mimi kunyamaza. Wenzangu wa Elimu, mkinikuta ukumbini nahubiri, nikumbusheni.

Alhamisi ninapanda treni kwenda Tabora. Njia ambayo babu aliitembea miezi mitatu, mimi nitailala. Bibi hakuniagiza pesa wala simu mpya. Ameniagiza nguo. "Niletee nguo kutoka pwani," alisema, "kama alivyoleta yeye." Nimenunua doti mbili za kanga kwa zile elfu hamsini na chenji ikabaki. Nitamweleza zimetoka wapi, kisha yeye ndiye ataamua kama atazivaa.

Haya, nawatakia likizo njema. Mkifika makwenu, muulizeni bibi au babu kabla hamjaja kutusimulia historia yao.